Kabla ya kununua ‘uchambuzi’, mzazi soma kitabu chenyewe

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne Zita ni nani, atakujibu haraka: “Mhusika katika Watoto wa Mama N’tilie.” Muulize dhamira za kitabu hicho, atakutajia tano kwa mpangilio, kama anasoma ubaoni: umaskini, ulevi, malezi, elimu, nafasi ya mwanamke katika jamii. Sasa muulize swali la nyumbani: “Ulisikitika ulipofika sehemu gani?” Hapo wengi hunyamaza. Si kwamba hawana huruma. Kitabu hawajakisoma. Wamesoma uchambuzi.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto wa sekondari unavijua vijitabu hivyo. Vinauzwa kwenye steshenari, vingine hutolewa kopi ya kopi mpaka maandishi yanafifia. Ndani kuna muhtasari, majina ya wahusika, dhamira, tamathali za semi, na jinsi ya kujibu swali la mtihani. Sivilaumu sana. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na nakala chache za kitabu hana njia nyingi, na mtoto naye anataka kufaulu. Ila tukubaliane jambo moja: aliyesoma uchambuzi tu ni sawa na aliyesimuliwa harusi. Anajua bwana harusi alivaa nini, lakini pilau hakula.

Nimeanza na hilo kwa sababu ya swali la mama mmoja wa Mshangano, hapa Manispaa ya Songea. Ana binti wa kidato cha tatu na mvulana wa darasa la tano. Ameuza mahindi, amelipa madeni, amebakiwa na akiba kidogo, na safari hii anataka sehemu ya akiba hiyo iende kwenye vitabu. Anaomba orodha: wanangu wasome nini?

Orodha ninayo. Nina sharti moja tu, kwamba kila kitabu atakachomnunulia binti yake, akisome yeye kwanza. Ikishindikana, basi wakisome kwa zamu, mtoto mchana, mama usiku.

Na kitabu cha kwanza ni hicho hicho cha shule. Watu wakiambiwa watafute kitabu kizuri hufikiria cha mbali, cha Kiingereza, chenye jalada linalong’aa. Kumbe vitabu ambavyo vizazi vya kidato cha tatu na cha nne vimekuwa vikifanyia mtihani wa Kiswahili vina mambo ambayo mzazi anaweza kukaa mwaka mzima akitafuta namna ya kuyasema.

Chukua Watoto wa Mama N’tilie cha Emmanuel Mbogo. Mama anapika na kuuza chakula. Baba, Mzee Lomolomo, anakunywa. Watoto wao, Peter na Zita, wanarudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya ada na sare, na mtaa unawapokea. Ni Dar es Salaam, lakini ukibadilisha majina ya mitaa unaweza kudhani ni hapa. Anayeuza chapati na maharage stendi anamjua mama huyo. Anayefunga duka jioni na kupitia kilabuni kabla ya kufika nyumbani, baba huyo anamjua pia, hata asipopenda kumwona.

Mtu ataniambia: siku hizi ada haipo. Ni kweli, tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, na baadaye ikaendelea hadi kidato cha sita. Lakini sare haikuondolewa, wala daftari, wala viatu. Na ulevi haukuondolewa. Msomeni Mbogo na binti yako, kisha muulize swali moja tu: kama ungekuwa mwalimu wa Zita, ungefanya nini siku ile? Hilo halimo kwenye uchambuzi. Jibu atalitoa kichwani mwake, na wewe utakuwa umemjua mwanao zaidi kidogo.

Takadini cha Ben Hanson nacho wengi wanakijua kwa jina tu. Sekai, mwanamke aliyekaa miaka bila mtoto, hatimaye anajifungua, na mtoto ana ualbino. Mila ya kijiji inataka mtoto huyo asiishi. Mama anamfunga mgongoni na kukimbia. Jina la mtoto kwa Kishona maana yake ni “tumefanya nini?” Hadithi ni ya Zimbabwe, lakini sisi Watanzania hatuna haja ya kuelezwa kwa nini inatuhusu. Tumezika watu wenye ualbino waliouawa kwa ushirikina, na bado kuna wazazi wanaoogopa kumwacha mtoto aende shule peke yake. Ukiwa na mtoto anayemcheka mwenzake kwa sababu ya ngozi, usimhutubie. Mpe Takadini. Akifika pale mama anapotoroka, atanyamaza mwenyewe.

Joka la Mdimu cha Abdallah Safari kina dereva teksi anayehangaika na matibabu ya mwanawe, na kina hasira nyingi dhidi ya wakubwa wanaokula fedha za umma. Wanaume wanaosema hawasomi riwaya hukimaliza. Kwenye tamthiliya, Ngoswe ya Edwin Semzaba inachekesha hadi leo: karani anapelekwa kijijini kuhesabu watu, anampenda binti wa watu, na kazi ya serikali inaishia vibaya. Isomeni kwa sauti sebuleni, kila mtu achukue mhusika wake. Baba akikubali kuwa Ngoswe, jirani watakuja kuuliza kuna nini.

Sasa nifike kwenye kitabu kigumu.

Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971. Kilileta kelele nyingi, kikazuiwa mashuleni, na baadaye kikarudi. Hata leo ukikitaja mbele ya wazazi, mmoja ataguna: kile kina mambo ya kikubwa. Kina. Kina mapenzi, kina mimba, kina kifo, na Kezilahabi hakuficha. Lakini tuangalie kilichozaa mambo hayo. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na ni mkali. Barua kutoka kwa mvulana inaangukia mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa vibaya. Tangu siku hiyo mvulana kwake ni kitu cha kuogopa. Halafu anakwenda shule ya bweni Mwanza, mbali na fimbo ya baba, na hapo hana mtu wa kumwambia lolote, kwa sababu nyumbani hakuwahi kufundishwa kitu kingine zaidi ya woga.

Wazazi wengi wanaona kitabu kile ni hatari kwa binti. Mimi naona kiliandikwa kwa ajili ya baba. Kila ukurasa unamuuliza Zakaria: ulidhani unamlinda kwa nini hasa? Na sisi wenye simu mkononi tunaulizwa vilevile. Barua ya Rosa siku hizi ni ujumbe wa WhatsApp. Mzazi anaukuta saa nne usiku, anapandisha, simu inavunjwa ukutani, binti analia, na asubuhi yake hakuna anayezungumza. Simu nyingine itapatikana kwa rafiki. Mazungumzo ndiyo hayatapatikana tena kirahisi.

Sisemi kila mtoto apewe Rosa Mistika. Wa darasa la tano hapana. Wa kidato cha kwanza mimi ningesubiri. Kuanzia kidato cha tatu, ndiyo, na mzazi awe amekimaliza kabla. Ukikimaliza utajua mwenyewe kama mwanao yuko tayari, na utajua utasema nini atakapouliza. Kinachoniogopesha zaidi ni mtoto anayekisoma kwa kujificha chini ya shuka, halafu maswali yake akawaulize wenzake wasiojua zaidi yake.

Kwa anayeona hicho ni kikali mno, yupo Adam Shafi. Katika Vuta N’kuvute, Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar, anaozwa kwa mzee mwenye duka, naye anakataa kuishi maisha aliyopangiwa. Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021, kwa hiyo mnaweza kusoma kisha mkatazama na kubishana kipi ni kizuri zaidi. Ubishi huo ni mtamu, na mtoto wa sekondari huwa na maoni makali kuhusu filamu.

Tukiwa hapa Songea kuna kitabu kimoja ambacho ni aibu nyumba ikose. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya mwaka 1969. Ni kitabu chembamba, jioni mbili zinatosha. Kinamhusu mtu wa Ngarambe aliyewaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa maji, wakasimama dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Watoto wetu wanafundishwa darasani kwamba maji hayakuzuia risasi, na wengine hucheka: babu zetu walidanganyika. Hussein hakuandika kicheko hicho. Aliandika kuhusu kiongozi ambaye neno lake limekuwa kubwa kuliko yeye, na mwisho anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa sababu anajua neno hilo litawafuata watoto wa watoto wa wale waliopigana.

Msome hicho, kisha mpande bajaji mwende Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, hapa hapa mjini. Hapo ndipo wanapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale na kuomba msamaha. Mtoto aliyesoma Kinjeketile kabla ya kusimama mbele ya kaburi lile atauliza maswali tofauti na yule aliyeletwa kwa basi la shule kupiga picha. Nadhani hakuna mji mwingine Tanzania ambao tamthiliya ya darasani inaweza kufuatwa na matembezi ya aina hiyo kwa nauli ndogo hivyo.

Na kwa mtoto mkubwa aliyeipenda historia hiyo, endelea na Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya Paradise imefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, na Mkuki na Nyota waliichapisha mwaka 2022. Yusuf, mtoto mdogo, anachukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, na kupitia macho yake tunaiona bara ya wakati Wajerumani wanaingia. Si rahisi sana. Kinataka msomaji mwenye subira. Lakini kimeandikwa kutuhusu sisi na sasa kipo kwa lugha yetu.

Nimemsahau mvulana wa darasa la tano? Sijamsahau. Kwa umri huo sharti ni moja: acheke au aogope kidogo. Hekaya za Abunuwasi zinafanya kazi ile ile zilizofanya kwetu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert inamfaa pia, ila isomwe na mkubwa kwa sauti, maana Kiswahili chake kina maneno ya kufafanua njiani. Mtu mwema ana ndugu wawili wenye wivu, wanageuka manyani, na kila usiku analazimika kuwapiga huku akilia. Mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kulala bila kujua kwa nini. Akifika darasa la saba na kuanza kupenda mambo ya upelelezi, mpe Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake hawajazeeka.

Kwa wadogo zaidi wanaoanza kuunganisha silabi, vipo vitabu vyembamba vya picha vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 na kusaidia vitabu vingi vya Kiswahili kufika shuleni. Muulize mwalimu mkuu kama vipo kabatini. Mara nyingine vipo, vimefungiwa visichafuke. Kitabu cha mtoto kisipochafuka hakijafanya kazi yake, kwa hiyo ombeni kabati lifunguliwe, hata iwe Ijumaa moja kwa wiki.

Sasa, vinapatikana wapi? Swali hilo Mshangano si dogo, maana duka la riwaya halipo kila kona. Anza mjini kwenye maduka ya vitabu vya shule. Mbogo, Hanson na Semzaba huwepo kwa sababu ya mtihani. Ukiambiwa “uchambuzi tu ndio upo”, omba uletewe kitabu chenyewe. Muuzaji huagiza anachoulizwa. Maktaba ya mkoa ipo Songea, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na mtoto mkaulize utaratibu wa uanachama na wa kuazima. Kwa Gurnah, Shafi na Kezilahabi, mtume anayekwenda Dar es Salaam, au uliza kama muuzaji anaweza kukutumia kwa basi. Na usisahau kuangalia kwenye sanduku la bibi. Peremende hazitakuwamo, lakini mkoa huu umekuwa na kiwanda cha uchapaji cha watawa wa Peramiho kwa miongo mingi, na nyumba nyingi za zamani zina vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa pale, vimefungwa kwa kitambaa.

Simu nayo isaidie. Tovuti na programu ya African Storybook ina hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili, zenye picha, bure. Ukishazipakua bando halihitajiki tena. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Ninachokuomba ni kujihadhari na mafaili ya riwaya nzima yanayozungushwa kwenye makundi. Mengi yametolewa bila idhini, kurasa zimerukwa, na mwandishi hapati hata shilingi. Tukilalamika kwamba vitabu vya Kiswahili havitoki, tujue na hilo limo.

Neno kuhusu namna ya kusoma na watoto. Usigeuze sebule kuwa chumba cha mtihani. Mzazi akimaliza ukurasa na kuuliza “Umejifunza nini?”, mtoto anajua jibu linalotakiwa, atakupa, na kitabu kitakuwa kimekufa. Uliza vitu vidogo. Huyu baba unamwonaje? Ungemfungulia mlango? Nani alikuudhi? Na wewe useme yaliyokuudhi. Mtoto akisema anamwonea huruma mlevi, usimkatishe. Huenda kuna mtu anamfikiria. Siku nyingine hatasema kitu, mtazima taa na kulala, hakuna ubaya. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinatosha kumaliza Watoto wa Mama N’tilie kabla muhula haujaisha.

Na uchambuzi? Aununue baadaye, wiki za mwisho kabla ya mtihani, akiwa ameshakisoma kitabu. Wakati huo utamsaidia, na mara nyingine atagundua mwandishi wa uchambuzi amekosea. Hakuna furaha inayomzidi mwanafunzi aliyekikamata kitabu cha uchambuzi kikisema uongo.

Mama wa Mshangano hakuomba kitabu chake mwenyewe. Akina mama mara chache huomba. Mimi ninacho cha kumpa: Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert. Ni maisha ya mwanamke wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu barabarani, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, sahani zake zikauzwa pwani yote. Asisome akiwa amesimama jikoni. Akae, ugali usubiri.

Akimaliza ataombwa na jirani. Ampe, ila aandike kwenye daftari jina la aliyeazima na tarehe, kwa kalamu, mbele yake. Songea watu ni waungwana sana, lakini kitabu kizuri kikivuka uzio hurudi kikiwa kimepitia nyumba sita.